Katrina miaka 20: waliobaki juu ya mapaa hawakuwa wakaidi (uzi mrefu)

BintiPangani

Wakuu salaam. Juzi kwenye uzi mwingine kuna mtu kaandika kwamba weusi wa New Orleans walikufa kwenye kimbunga Katrina (Marekani, 2005) kwa ukaidi wao, eti waliambiwa watoke wakagoma alafu wakageuka kuilaumu serikali. Akapata laiki nyingi sana. Hiyo komenti imeninyima usingizi, kwasababu nimekaa miaka nane na mmoja wa hao wanaoitwa wakaidi, nimemuogesha, nimempikia, nimemshika mkono akipanda ngazi. Ngoja niandike ninachokijua, itakuwa ndefu, mnivumilie.

Nilifika Houston 2009 na kazi niliyopata ni kulea wazee majumbani, kazi ambayo wadada wengi wa kwetu tunaifanya huku. Mzee wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja mweusi, mzaliwa wa 1935, kwao Lower Ninth Ward, mtaa wa weusi wa New Orleans. Siku ya kwanza nafungua kabati nitafute shuka nikakuta shoka. Shoka lenyewe kabisa la kupasulia kuni, mpini umezungushiwa kitambaa, limesimamishwa katikati ya magauni yake ya kanisani. Tuko ghorofa ya pili, jiko la umeme, kuni hamna. Nikaogopa, nikajua mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nikamuuliza. Akanijibu bila hata kugeuza shingo, kama vile nimemuuliza mwavuli: hilo ni la kutokea darini.

Ikabidi anieleze. Mwaka 1965 mwezi wa tisa kilipiga kimbunga Betsy, Lower Ninth ikazama. Watu wakapanda darini kukimbia maji, maji yakawafuata humo humo, na dari haina mlango wa kutokea juu, wengine wakafia chini ya mapaa ya nyumba zao wenyewe. Tangu hapo wazee wa mtaa ule wakawa na kawaida ya kuweka shoka darini. Bibi alikuwa na miaka 30 wakati wa Betsy. Katrina ilimkuta na miaka 70, na ni kweli alilitumia, yeye mwenyewe kwa mikono yake alitoboa paa.

Sasa hili la ukaidi. Meya alitangaza amri ya lazima ya kuhama Jumapili asubuhi tarehe 28 Agosti 2005, na kimbunga kikafika Jumatatu tarehe 29 asubuhi. Hata masaa 24 hayakutimia. Mji ule zaidi ya robo ya kaya hazikuwa na gari kabisa. Alafu angalia hiyo tarehe wakuu, tarehe 28, mtu anaishi kwa pensheni inayoingia tarehe 1, mfuko unakuwaje? Kuhama ni petroli, ni hoteli, ni kula barabarani siku tatu nne. Bibi alikuwa anaishi na dada yake mkubwa asiyeweza kutembea. Mpwa wao mwenye gari alikuwa ameshabeba watu sita. Wakabaki.

Na mji haukuzama kwa mvua. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kimbunga kilipogusa ardhi kilikuwa kimeshapungua hadi daraja la 3. Kilichozamisha mji ni kuta za mifereji zilizopasuka, 17th Street, London Avenue, Industrial Canal, kuta zilizojengwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, na mkuu wao Jenerali Carl Strock alikubali hadharani mwezi wa sita 2006 kwamba ujenzi wao ndio ulioshindwa. Asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji. Kwahiyo serikali haikuchelewa tu kuokoa watu, ilihusika hata na maji yenyewe kuingia.

Bibi alisikia ukuta wa Industrial Canal unaachia. Anasema mlio ulikuwa kama bomu, alafu nyumba za mbele zikaanza kutembea. Tishari zima lilitoka kwenye mfereji likaingia mtaani. Mpaka anafariki yeye na majirani zake wengi waliamini kuta zililipuliwa kwa makusudi ili kuokoa mitaa ya matajiri.

Nakuja kuendelea, niko kazini.

Kamanda wa Tandale

Dada endelea tupo. Hilo shoka limenikata kauli.

mwanazuoni_01

Dada BintiPangani pole na nakuheshimu, ila tusichanganye huzuni na hoja. Meya Ray Nagin alikuwa mweusi. Gavana wa jimbo lao la Louisiana, Kathleen Blanco, alikuwa wa chama cha Democrat, hakuwa mtu wa Rais Bush. Mabasi ya shule yalizama yamepangwa mstari, dunia nzima iliona ile picha, na yale yalikuwa mabasi ya mji. Lakeview ni mtaa wa wazungu wenye uwezo nao ulizama mpaka madirishani. Na kwa Louisiana karibu nusu ya waliokufa walikuwa wazee wa miaka 75 na kuendelea. Hapo naona uzembe, naona umri, naona umaskini. Ubaguzi wa rangi unaingilia wapi? Na hiyo ya kulipua kuta ni uzushi, tusiupe heshima.

Wanjiru wa Ruaka

Mimi nakubaliana nusu na mwanazuoni. Hapa Nairobi 2024 mafuriko ya mwezi wa nne na wa tano yalibeba watu Mathare, na badala ya msaada watu wakaletewa tingatinga wabomolewe zile nyumba zilizobaki kando ya mto. Huku sisi wote ni weusi, rais mweusi, polisi mweusi. Maskini ni maskini tu, rangi si lazima iwe kwa hesabu.

BintiPangani

Nimerudi. Kaka mwanazuoni umeuliza vizuri na mengi uliyosema ni kweli, nianze na hilo la kulipua.

Mi mwenyewe siamini walilipua 2005. Uchunguzi wa wahandisi uko wazi, kuta zilijengwa kwenye udongo laini na kwa hesabu mbovu. Ila kabla hujaita uzushi nisikilize. Mwaka 1927 mto Mississippi ulifurika, wenye mabenki na wafanyabiashara wakubwa wa New Orleans wakapata kibali, wakatia baruti kwenye tuta pale Caernarvon, wakayafungulia maji kwa watu wa St. Bernard na Plaquemines ili mji wao upone. Waliahidiwa fidia na wengi hawakuiona. Hiyo iko kwenye historia ya serikali yenyewe. Mama yake bibi aliishi enzi hizo. Sasa mtu ambaye mama yake amemsimulia baruti ya 1927, yeye mwenyewe amezama 1965, alafu 2005 anasikia mlio ukuta unapasuka, unataka afikirie nini kwanza? Udongo laini?

Kuhusu wazee wa miaka 75, hiyo takwimu inatoka kwenye utafiti wa vifo uliochapishwa 2008, na utafiti huo huo unasema ukiwalinganisha watu wazima wa rika moja ndani ya mji wenyewe wa New Orleans, weusi walikufa kwa kiwango cha kati ya mara 1.7 na mara 4 ya wazungu. Lakeview ilizama kweli, ila wengi wa Lakeview walikuwa na magari, maji yalikuta nyumba bila watu.

Dada Wanjiru na wewe nakuelewa kabisa, umaskini unatosha kumfanya mtu apuuzwe popote duniani. Lakini nikuambie kilichotokea darajani. Alhamisi tarehe 1 Septemba watu waliokwama walijaribu kuvuka kwa miguu daraja la mto Mississippi kwenda ng'ambo, upande wa Gretna, mji mdogo wenye wazungu wengi. Polisi wa Gretna wakawafungia daraja, wakafyatua risasi hewani, wakawarudisha kwenye mji usio na maji ya kunywa. Siku tatu baadaye, tarehe 4, kwenye daraja lingine la Danziger, polisi wa New Orleans wenyewe wakawamiminia risasi raia weusi wasio na silaha, wawili wakafa, wanne wakaumia, na mmoja kati ya waliokufa alikuwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Kesi ile iliisha 2016 polisi walipokiri makosa. Sasa pale darajani nani aliulizwa ana shilingi ngapi benki? Umaskini hauonekani ukiwa mita mia. Rangi inaonekana.

Kamanda wa Tandale

Na zile picha mbili je? Kijana mweusi anatembea kwenye maji ya kifuani na mfuko mweusi, shirika moja la habari likaandika ametoka *kupora* duka la vyakula. Wazungu wawili kwenye maji hayo hayo wana begi na mkate, shirika lingine likaandika wametoka *kupata* mkate na soda kwenye duka. Picha za siku moja hizo. Mweusi kapora, mzungu kaokota.

mwanazuoni_01

Ile ilikuwa wapiga picha wawili tofauti wa mashirika mawili tofauti, na yule wa pili alijieleza kwamba aliona bidhaa zinaelea majini. Kwahiyo sio mtu mmoja aliyekaa akaamua. Ila sawa, nakubali kwamba aliyeziangalia zote mbili lazima ameumia.

BintiPangani

Kaka hapo umegusa kitu chenyewe. Hakuna aliyekaa akaamua. Ndio maana kila upande uliona kitu tofauti kwenye TV ile ile. Kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza watu mwezi wa tisa 2005 wakati maji hayajakauka: je serikali ingewahi zaidi kama wengi wa waathirika wangekuwa wazungu? Weusi asilimia 66 wakasema ndio. Wazungu asilimia 77 wakasema isingekuwa na tofauti. Wakauliza hao wanaochukua vitu madukani ni wahalifu au watu wa kawaida wanaotafuta kuishi, weusi asilimia 57 wakasema watu wa kawaida, wazungu 38 tu. Nchi moja, taarifa ya habari moja.

Na Kanye West aliposimama live kwenye harambee ya NBC tarehe 2 Septemba akasema George Bush hajali watu weusi, wazungu wengi walisikia tusi. Bush mwenyewe baadaye aliandika kwamba ile ilikuwa moja ya nyakati zilizomuuma kuliko zote kwenye urais wake. Naamini kweli ilimuuma. Lakini nilimuuliza bibi kuhusu hilo na alichonijibu hakikuwa Bush kabisa. Alisema: "Sijui moyoni mwake. Mimi najua tu kwamba sisi ni watu wa kusubirishwa."

Hilo neno la kusubirishwa nimelibeba mpaka leo. Maana nilikuwa nampeleka kliniki, tunakaa masaa manne, halalamiki, anatoa kitambaa chake anashona. Nikimwambia bibi ngoja nikaulize ananishika mkono, kaa, wakitaka watatuita. Maisha yake yote alisubiri hivyo, ofisi ya nyumba, hospitali, ofisi ya mafao. Kwahiyo alipokuwa juu ya paa Jumatatu mpaka Jumanne jioni na helikopta zinapita juu yake bila kushuka, hakushangaa. Aliyewatoa alikuwa kijana wa mtaani na boti ya kuvulia samaki. Akawaweka kwenye barabara ya juu, wakapanda lori, wakashushwa Convention Center, ukumbi mkubwa wa mikutano wa mji.

Pale Convention Center walijazana watu karibu elfu 20 bila chakula, bila maji, bila choo kinachofanya kazi, joto lile la Louisiana. Mkuu wa FEMA (shirika la maafa la serikali kuu), Michael Brown, alisema kwenye TV Alhamisi kwamba serikali kuu ndio kwanza siku hiyo imejua kuna watu pale. Waandishi wenye kamera walikuwa wameshafika! Kesho yake Ijumaa ndio jeshi likaleta chakula na maji, na siku hiyo hiyo Bush anampongeza Brown mbele ya kamera kwamba anafanya kazi nzuri sana. Siku kumi baadaye Brown akajiuzulu.

Dada yake bibi hakufika hiyo Ijumaa. Alifia kwenye kiti Alhamisi usiku. Bibi alimfunika na shuka, akakaa pembeni yake mpaka basi lilipokuja Jumamosi, na wakamwambia maiti haiingii kwenye basi.

Kamanda wa Tandale

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mtu wa Uvira

Dada pole sana. Miye ni Mkongomani, nilikaaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kigoma miaka kumi na mbili, sasa niko Texas. Kitu kimoja wenzangu Wamarekani weusi wa kazini walinielezea ni ile neno refugee. Wakati wa Katrina watu wa TV walianza kuwaita refugees, wao wakakasirika sana, Jesse Jackson akasema huo ni ubaguzi, hata Bush akasema hawa si refugees ni Wamarekani. Mwanzoni mimi iliniuma, nikajiuliza kumbe sisi wakimbizi tuna ubaya gani hata mtu anaona ni tusi? Nimekuwa mkimbizi mimi. Lakini nilifikiri sana, nikaona kwa Kiswahili chetu hilo neno hata haliwafai. Mkimbizi ni mtu alikimbia. Hao watu hawakukimbia, walikosa namna ya kukimbia. Waliokimbia ni wale wenye magari, na hao hakuna mtu aliwaita wakimbizi.

BintiPangani

Ndugu yangu wa Uvira, hii nitaiandika mahali niiweke. Asante.

mwanazuoni_01

Nimesoma kimya. Swali langu la mwisho na naomba usilione kama ubishi: baada ya pale serikali ilimwaga mabilioni kujenga upya. Je hapo pia alisubirishwa? Na kulikuwa na habari za ubakaji na mauaji Superdome, ule uwanja wa michezo walikojihifadhi watu, waokoaji nao waliogopa.

BintiPangani

Sio ubishi kaka, ni vizuri umeuliza.

Zile habari za watoto kubakwa na mamia ya maiti Superdome zilikuja kuonekana karibu zote ni uongo. Walienda kubeba maiti 200 wakakuta sita, wanne kifo cha kawaida, mmoja dawa za kulevya, mmoja alijiua. Lakini uongo huo ulifanya kazi yake, gavana Blanco alitangaza kwamba wanajeshi wanakuja na bunduki zimejaa risasi na wanajua kuua. Ukimwambia askari hivyo anafika mjini anawaona watu wenye kiu kama maadui. Ni Jenerali Russel Honoré, mweusi wa huko huko Louisiana, alipita barabarani anawafokea askari washushe bunduki, tumekuja kuokoa. Bibi alimpenda yule jenerali kuliko pasta wake.

Kuhusu pesa, mradi ulioitwa Road Home. Msaada ulipimwa kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya kuijenga, yoyote iliyo ndogo. Sasa fikiria nyumba mbili, vyumba sawa, mbao sawa, fundi anataka hela ile ile. Moja iko mtaa wa wazungu bei yake sokoni ni kubwa, huyo analipwa gharama ya ujenzi. Nyingine iko Lower Ninth, bei ndogo kwasababu tu ni mtaa wa weusi, huyu analipwa hiyo bei ndogo, na fundi hapunguzi hata senti. Hakuna sehemu fomu imeandika mweusi. Watu wakashtaki 2008, ikaisha kwa makubaliano 2011 ya kuongezea wenye nyumba dola milioni 62, na kwa wengi muda ulikuwa umeshapita. Bibi nyumba yake ilikuwa yake, haidaiwi hata senti, marehemu mumewe aliinunua kwa mshahara wa bandarini. Alicholipwa hakikutosha hata nusu. Nilimpeleka 2012 akaione. Ngazi tatu za saruji za barazani zimebaki peke yake katikati ya majani marefu, zinapanda alafu zinaishia hewani. Akapanda ile ya juu akakaa, akaniambia jiko lilikuwa hapa, kitanda hapa. Nyumba ya jirani ilikuwa bado imesimama, ukutani kuna ile alama ya X ya rangi waliyopulizia waokoaji, na kwenye pembe ya chini ndio wanaandika idadi ya maiti waliokuta ndani. Pale palikuwa na 1. Alijua ni nani.

Wanjiru wa Ruaka

Dada nimebadilisha mawazo kidogo. Siyo kwamba Mathare haina uchungu wake, lakini naona sasa kule rangi iliandikwa ndani ya bei ya nyumba hata kabla mvua ianze. Na huyo cucu shoka lake lilienda wapi?

BintiPangani

Dada Wanjiru nilitaka kuishia pale ila umenigusa.

Agosti 2017 Houston tukapigwa na Harvey, mvua siku nne haikatiki. Maji yalipanda mpaka ngazi ya kwanza ya jengo letu. Usiku wa Jumapili nilikuwa nimelala kwake, nikaamka saa tisa nikamkuta amekaa sebuleni gizani, amevaa viatu, ameshavaa na koti, shoka liko mapajani. Ghorofa ile haina hata dari ya kuingia. Sikumwambia kitu, nikakaa naye.

Asubuhi boti zikaja, vijana wa kujitolea wawili pamoja na askari mmoja mstaarabu sana, wakagonga mlango kwa mlango. Yule askari akapiga goti mbele ya kiti chake, akamwambia mama tumekuja kukuchukua, kuna sehemu kavu, kuna chakula, kuna madaktari. Bibi akamuuliza mnatupeleka wapi. Akasema, Convention Center.

Na ni kweli, Houston walifungua Convention Center yao, na kulikuwa na vitanda na chakula na madaktari, nilikuja kuona mwenyewe baadaye. Yule kijana hakusema uongo. Lakini bibi aliposikia lile jina alishika mpini wa shoka kwa mikono miwili, akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ndogo: mwambie huyu mtoto nimeshakaa huko.

Hakutoka. Nikabaki naye siku tatu mpaka maji yakashuka.

Alifariki Desemba ile ile, usingizini. Mjukuu wake alikuja kutoka Atlanta kuchukua vitu, akachukua albamu, Biblia na shoka. Anaishi kwenye nyumba yenye dari.

Mtu wa Uvira

Apumzike kwa amani. Dada, ule mwili wa dada yake, waliukuta?

BintiPangani

Waliupata. Ilichukua miezi mitano.